Usituletee tena maji ndani ya chupa ya sukre

Kila mwaka mvua ikianza tu, mwezi wa 11 hivi, biro yetu ya kukagua maji hapa Lubumbashi inajaa chupa. Za sukre (soda), za bia, juzi hata bidoni ya mafuta ya kupikia ambayo mtu hakuiosha vizuri, mafuta bado yanaelea juu, akaiweka juu ya meza ya sekretere na kusema "pimeni hii, mtaona vile kile kiwanda kinatuua." Ninamuelewa. Ukiamka ukute mfereji wa mbele ya parseli umegeuka kijani kwa usiku mmoja, huwezi kukaa kimya. Lakini hiyo chupa, ndugu zangu wa komine za Annexe, Ruashi na Kampemba, haina kazi, avoka (wakili) wa kampuni ataizika dosie nzima kwa dakika mbili: nani alichota, saa ngapi, wapi, na chupa ilikuwa na nini mbele?

Sampuli inachukuliwa hivi. Tunaenda watu wawili, ordri ya misio (karatasi ya kututuma kazi) mkononi, tukiweza na shefu wa katiye (mkuu wa mtaa). Tunachota upande wa juu wa mto kabla ya bomba la kiwanda, kwenye bomba lenyewe, halafu upande wa chini pale maji yameisha kuchanganyika, kwa sababu bila ile ya juu mwenye kiwanda atasema uchafu ulitoka kwa jirani, na pengine atakuwa anasema kweli. Chupa ya kupimia metali inatengenezwa kwa plastiki, tunaisuuza mara 3 na maji yaleyale, tunatia matone ya asidi ya nitriki ili shaba na kobalti visigande kwenye ukuta wa chupa, hapo inaweza kungoja laboratware hata miezi 6. Chupa ya kupimia vijidudu ni kinyume kabisa, ile haisuuzwi, mdomo wake hauguswi, inaingia kwenye glasieri (sanduku la baridi) yenye barafu, na masaa 24 yakipita haina maana tena. pH, yaani kama maji yana asidi, tunapima palepale, hiyo haingoji safari. Kila kitu ni mara mbili, chupa moja inabaki kwa mwenye kiwanda apimishe kwake akitaka. Halafu prosè-verbali (karatasi ya kuandika yote yaliyofanyika), wote wanasaini. Akikataa kusaini tunaandika "amekataa kusaini" na karatasi inabaki halali, nasema hivi juu ya wale wanaofikiri ukificha biki (kalamu) umepona.

Sasa foraji, visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine. Hapa nakuwa na hasira kidogo, mnisamehe. Tukifika kuuliza makaratasi tunajibiwa "mayi ni ya Mungu, njo munatuomba papye?" Sawa, ni ya Mungu, lakini sheria namba 15/026 ya tarehe 31/12/2015 inayaweka maji katika mali ya umma ya serikali, hata yale ya chini ya parseli yako. Mama mwenye kisima cha kamba, anachota ya kupikia na kufua, hatumfukuzii. Tunamtafuta mwenye foraji ya kuosha magari, ya kujaza maji ya sashe, ya kujaza vitanki vya kuuza, ambaye anavuta mchana na usiku wakati visima vya majirani vinakauka mwezi wa 10.

Na konteri ya foraji (mita ya kuhesabu maji) ikikwama tunajua. Pompi inayotoa metrekibu 5 kwa saa, ikitembea masaa 8 ni metrekibu 40, wewe kwenye rejista umeandika 12. Utasema SNEL ilikata umeme, vizuri, lete basi daftari ya mazutu (dizeli) ya grupu, jenereta yako. Siku moja nilikuta konteri imefungwa kitambaa "isishike vumbi" na pompi inanguruma nyuma yangu. Sisemi ni wapi, dosie inaendelea.

Kuandikisha foraji kunakusaidia pia wewe. Kama hatujui iko wapi, siku bwawa la maji machafu la kiwanda likipasuka hatuna jinsi ya kuja kukuambia usinywe. Tunaangalia na vyoo: kati ya kisima na choo ziwe angalau mita 30. Chukua parseli ya mita 20 kwa 25, hata ukiweka kisima kona hii na choo kona ile ya mbali kabisa unapata 32 tu, na hapo hatujahesabu choo cha jirani ambacho kimeegemea ukuta wako! Ndiyo maana ajenti anachungulia juu ya ukuta, si umbea.

Kingine, "sisi tunachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, metali haifi. Ukichemsha sana maji yanapungua na metali inabaki ileile ndani ya sufuria. Lengalenga na matembele yanayomwagiliwa na maji ya mto kiangazi ni vilevile, kuosha kunatoa vumbi la juu, kilichoingia kwenye jani kimeingia. Watafiti wa Unilu (chuo kikuu cha Lubumbashi) na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walishachapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya huku Katanga wana kobalti nyingi sana kwenye mkojo. Na mto Lubumbashi hauishii mjini, unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia ziwa Moero, na samaki wa Moero wanarudi sokoni kwetu.

Kuhusu adhabu: kwanza ni barua ya kuonya yenye siku za kurekebisha, halafu kusimamishwa kazi, halafu dosie inaenda parke (kwa mwendesha mashtaka), na sheria ya mazingira namba 11/009 ya 2011 inasema anayechafua ndiye analipa kusafisha. Amandi (faini) ina noti ya persepsioni, karatasi ya kuonyesha unachodaiwa, unalipa banki, unarudisha bordero (risiti ya banki). Ukimpa ajenti pesa mkononi umempa zawadi, amandi iko palepale, na hilo kosa ni lenu wawili.

Kwa hiyo ukiona maji yamebadilika, piga simu saa hiyohiyo hata ni usiku, wengi wanamwaga usiku na asubuhi mto umeshapitisha. Andika saa. Piga foto ambayo ndani yake kuna kitu tunachokijua, daraja, ukuta, kibao cha avenyu, kwa sababu foto ya maji matupu inaweza kuwa ya Kolwezi. Usiingize mkono. Matokeo yakitoka tunayapeleka kwa burugumestri na kopi kwa shefu wa katiye, mumuulize yeye, msije kumi kumi kumuuliza sekretere, yule hapimi maji.