Kabla ya kupiga Windows upya, pima diski

Laptopu ikishaanza kuwa nzito, ushauri wa kwanza unaosikika kuanzia Mikindani hadi Masasi ni huu: ipige Windows upya, yaani ifutwe na kuwekewa Windows mpya. Mwenye mashine analipa, anakabidhiwa ikiwa nyepesi, anafurahi wiki mbili tatu, kisha hali inarudi palepale. Wengi wanaofika kwenye karakana yetu ya TEHAMA hapa Mtwara wameshaipitia njia hiyo. Wapo waliopoteza humo picha za familia, hesabu za chama cha msingi au maandalio ya masomo ya miaka kadhaa, kwa sababu hakuna aliyewauliza kama wana nakala. Jambo hilo linatuumiza, maana lilikuwa linazuilika.

Kupiga Windows upya ni tiba ya tatizo moja tu, mfumo uliovurugika. Hakuponyi hadidiski iliyochoka, hakuongezi RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika kazi ikiendelea), hakutoi vumbi kwenye feni. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, pima. Kompyuta yenyewe inaeleza kinachoichelewesha, na kuisoma hakuhitaji fundi.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofya maandishi ya More details upande wa chini. Utaona safu za CPU, Memory na Disk, kila moja na asilimia yake. CPU ni prosesa, ubongo wa kompyuta, Memory ni RAM, Disk ni mahali mafaili yako yanapokaa. Usiisome mashine ikiwa imetulia. Iwashe, fungua unavyovifungua siku zote, Word, Excel, kivinjari, na utazame pale inapoganda. Safu inayogonga asilimia 100 na kubaki hapo ndiyo inayosubiriwa na nyingine zote.

Kwenye laptopu za miaka saba, minane au zaidi, ambazo nyingi ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika, safu hiyo mara nyingi ni Disk.

Sababu inaeleweka ukijua kilichomo ndani. Hadidiski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila kipande cha faili kinapohitajika, mkono uhame hadi kwenye mstari wake, kisha usubiri sahani ilete sehemu husika. Kuhama na kusubiri huko huchukua milisekunde 15 hivi. Zinaonekana chache, lakini maana yake ni vipande vidogo 60 au 70 tu kwa sekunde, na Windows inapowaka inahitaji maelfu. Ni kama mtunza ghala anayetumwa kuleta gunia moja moja kutoka pembe tofauti: miguu haitulii, mzigo hauonekani. Ndiyo maana utakuta Disk inasoma asilimia 100 huku kasi yake haifiki hata megabaiti 2 kwa sekunde.

SSD, diski ya kisasa inayohifadhi mafaili kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Kipande kilekile inakitoa kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata laptopu ya mwaka 2012, yenye prosesa ambayo leo hakuna anayeisifia, inarudi kuwa mashine ya kazi. Kama una hela ya matengenezo mamoja tu, naomba iende hapo.

Lakini kuna swali la kuuliza kwanza: diski ni nzito kwa sababu ya umri, au inakufa? Mwalimu mmoja kutoka Tandahimba alituletea mashine yenye RAM ya GB 4, akisema Excel inachukua muda mrefu kufunguka na mara nyingine kioo kinaganda kabisa. Ndani ya Task Manager, kwenye ukurasa wa Performance, kuna kipimo kinaitwa Average response time. Hadidiski nzima ikiwa kazini husoma makumi ya milisekunde. Ya mwalimu ilikuwa inapanda hadi maelfu. Ukitega sikio karibu na pale kiganja cha kushoto kinapokaa, ulisikia mlio mdogo, tik, tik, kisha kimya, kisha tik tena. Hapo mkono unajaribu kusoma sehemu iliyoharibika, unashindwa, unarudia. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo ikaonyesha alama ya njano na neno Caution, na kwenye orodha yake idadi ya sehemu mbovu zilizokwishahamishwa haikuwa sifuri.

Mashine ya namna hiyo haipigwi Windows. Haifanyiwi hata ukaguzi mrefu wa diski, kwa sababu ukaguzi huo unailazimisha isome kila pembe na unaweza kuimalizia. Kinachofanyika kwanza ni kunakili vitu visivyo na mbadala: alama za wanafunzi, picha, nyaraka. Nakili hivyo kwenye diski ya nje, kimoja kimoja kwa umuhimu wake, ukiacha filamu na muziki kwa mwisho. Baada ya hapo ndipo tulipofunga SSD. Mwalimu aliondoka na mafaili yake yote, na mashine inayofika kwenye dirisha la nenosiri kabla hajaanza kuchoka kusubiri.

Kama unaagiza SSD Kariakoo ije kwa basi, mambo machache yatakuepusha kurudisha mzigo. Hakikisha mashine yako inatumia diski ya inchi 2.5, ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za zamani. Nyingine zina nafasi ya kadi nyembamba ya M.2, na hizo nazo ziko za aina zaidi ya moja, kwa hiyo fungua kwanza au piga picha ya nafasi yenyewe umtumie muuzaji. SSD nyingi za inchi 2.5 zina unene wa milimita 7, wakati hadidiski nyingi za zamani zina 9.5, inaingia, inahitaji tu fremu ya plastiki isichezecheze. Zile laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 au 64 iliyochomelewa kwenye ubao mkuu wa ndani ya mashine ni habari nyingine. Hazibadilishwi diski, na kwa hizo dawa ni kuhamishia mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu ili mfumo upate pa kupumulia. Na diski ya TB 2 inayouzwa bei ya kutupa, iache. Zipo za bandia zinazodanganya ukubwa, zinapokea mafaili bila kulalamika kisha hazikurudishii.

Memory ikiwa ndiyo inayokaa juu ya asilimia 85 au 90 muda wote, tatizo ni RAM. Ikijaa, Windows huanza kutumia diski kama RAM ya muda, na kama diski ni ile ya sahani, uzito unakuwa mara mbili. Task Manager pia hukuonyesha nafasi za RAM zilizopo na zilizotumika. Ukiona imeandikwa 1 of 2, unaweza kuongeza kipande bila kutoa cha zamani. Aina lazima ioane: DDR3 na DDR4 ni vizazi tofauti vya RAM, DDR3 haikai kwenye nafasi ya DDR4, na baadhi ya mashine za kati ya vizazi hivyo zinataka DDR3L ya volti 1.35. Toka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti. Kwenda 16 kwa kazi ya Word na intaneti ni hela ambayo ingefaa kwenye kitu kingine.

Kuna jambo dogo linalowashangaza wengi. Tangu Windows 8, kuzima kwa Shut down hakuuzimi mfumo wote. Sehemu yake huhifadhiwa ili mashine iwake haraka, na uchafu uliolimbikizana huhifadhiwa nayo. Ukibofya Restart ndipo inapoanza upya kweli. Mtu anaweza kuzima kila usiku kwa miezi na mashine isiwe imeanza upya hata siku moja. Fanya Restart walau mara moja kwa wiki.

Ukiwa bado kwenye Task Manager, fungua ukurasa wa Startup na uzime programu zisizo na haja ya kuwaka zenyewe kila asubuhi. Usiwe na antivairasi mbili, zinagombania diski hiyohiyo. Ile inayokuja na Windows inatosha kwa matumizi ya nyumbani ikiwa inasasishwa. Acha pia asilimia 15 hadi 20 ya diski ikiwa wazi. Flashi zinazozunguka kati ya steshenari, shule na nyumbani zikaguliwe virusi kabla ya kufunguliwa, hasa ukiona mafolda yako yamegeuka kuwa njia za mkato. Na kitu kimoja naomba nikiseme kwa uzito: programu za kuvunja leseni, ambazo mafundi wengine huziweka bila hata kukuuliza, mara nyingi huzima ulinzi wa Windows ili zifanye kazi. Mlango ukishaachwa wazi, haiingii hiyo moja tu. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 8 zilikuja na ufunguo wa leseni ndani ya ubao wenyewe, hivyo kubadilisha diski hakukunyang'anyi leseni yako. Huna sababu ya kuvunjiwa kitu.

Sasa hali ya hewa yetu. CPU ikisoma juu, feni inavuma na sehemu ya chini ya mashine haishikiki, prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hufanya hivyo inapokaribia nyuzi 100. Hapo hakuna programu itakayosaidia, kunahitajika usafi. Mashine iliyo juu ya godoro au juu ya khanga iliyokunjwa imezibwa pua. Iweke mezani au hata juu ya ubao. Laptopu za Newala na Nanyumbu hutujia na vumbi jekundu lililojikusanya kati ya feni na mapezi ya kupozea hadi likawa kama kitambaa. Za Shangani, Mikindani na Kilwa Masoko zina tatizo jingine, chumvi ya hewa ya bahari, inayokula skrubu na viunganishi. Usiende kuipuliza kwa kompresa ya wapiga pancha. Presha yake ni kubwa, na ndani ya tangi lake huwa kuna maji. Fungua, zuia feni isizunguke kwa kidole au kijiti, futa kwa brashi laini, na kama krimu ya joto iliyo juu ya prosesa imekauka, ibadilishwe.

Kwa familia za wakulima wa korosho naongeza hili. Msimu wa kupulizia dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, mifuko ya salfa huwekwa ndani, mara nyingi chumba kilekile chenye meza ya kompyuta. Salfa na mvuke wake hula shaba na fedha, na hizo ndizo zilizomo kwenye viungo vya ubao. Uharibifu wake haupanguswi. Mifuko hiyo ikae stoo, na mashine isitumike kwenye chumba kinachonuka salfa. Ofisi za vyama vya msingi zinazohifadhi pembejeo na kompyuta pamoja zitenganishe leo, si msimu ujao.

Chaja nayo huwadanganya watu. Baadhi ya laptopu, zikishindwa kuitambua chaja iliyounganishwa, hushusha kasi ya prosesa kwa makusudi. Mashine inakuwa nzito tangu siku chaja ilipobadilishwa, na mwenyewe hahusishi mambo hayo mawili. Kama ujumbe kuhusu chaja unatokea unapowasha, anzia hapo. Betri iliyokufa kabisa pia ni hatari kwa mafaili: umeme ukikatika Word iko wazi, mashine inazimika papo hapo katikati ya kuandika kwenye diski. Betri iliyovimba, utaijua kwa padi ya kuelekezea iliyoinuka au kasha lisilofunga, itolewe na isitobolewe wala kuchajiwa tena.

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kuendelea kwa sehemu kubwa, kwa hiyo laptopu nyingi nilizozitaja hapa hazitapita. Kuilazimisha kwa njia za vichochoroni sikushauri. Mashine nzima ambayo Windows 11 imeikataa tunaiwekea Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ambayo ni ya bure na inaridhika na RAM ya GB 4. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski: uone kama Wi-Fi inashika, printa inatoa karatasi, nyaraka zako zinafunguka kwenye LibreOffice, programu zinazofanya kazi za Word na Excel. Anayetegemea programu maalumu ya kazini aulize kwanza kama ina toleo la Linux.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi, usimwambie "ni nzito, nitengenezee." Mwambie ulichokisoma: Disk inakaa 100, RAM ni GB 4, inachemka baada ya nusu saa. Muulize mafaili yako yatanakiliwa wapi kabla hajagusa kitu, na umtake akuandikie anachobadilisha. Akishafunga SSD, ondoka na hadidiski yako ya zamani mkononi. Ni mali yako na ina siri zako, hata kama zimefutwa. Ikiwa bado nzima, iingize kwenye kasha la USB uhifadhie nakala, na ikiwa mbovu, usiiuze na vyuma chakavu kabla sahani zake hazijaharibiwa.