Kabla hujakata fremu ya CB750

Mwezi haupiti kabla kijana hajaja gerejini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na picha kwenye simu: pikipiki kubwa ya zamani iliyovuliwa karibu kila kitu, siti nyembamba kama mbuzi ya kukunia nazi, na katikati ya fremu pako wazi hadi unaona ukuta wa nyuma. "Shikamoo fundi, ikipatikana nataka yangu iwe hivi."

Marahaba. Oili utaiweka wapi?

Yangu ni Honda CB750 ya 1974. Aina hii ilianza kuuzwa 1969: silinda nne zimekaa safu moja, cc 736, kabureta nne, bomba nne za moshi, na diski kwenye tairi la mbele wakati pikipiki nyingi bado zilitegemea breki za ngoma. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba oili yake haikai chini ya injini kama ya bodaboda. Ina tangi lake upande wa kulia, nyuma ya kile kifuniko cha pembeni ambacho kila mtu hukimbilia kukitupa. Pampu huivuta humo, huipitisha kwenye injini, kisha huirudisha. Pale "pako wazi" kwenye picha, mtu amechomelea tangi jingine mahali pengine, au ameifanyia injini kazi kubwa ya ndani. Hiyo si kazi ya mchana mmoja na grenda.

Na hata ukiliacha tangi mahali pake, lina hila yake. Pikipiki ikilala wiki mbili, oili huchuruzika taratibu hadi chini ya injini. Ukipima ikiwa ya baridi, kijiti cha kupimia oili kinakuambia imepungua. Fundi mmoja aliwahi kuniongezea lita nzima kwa kuamini kijiti hicho. Tulipoiwasha, oili iliyozidi ikatafuta njia kwenye mpira wa kupumulia, na suruali yangu ikawa ushahidi. Iwashe kwanza, iache ipate moto, zima, ndipo upime.

Kosa la hewa nililifanya mwenyewe, simsingizii mtu. Nilitoa sanduku la chujio la hewa, nikafunga vichujio vinne vidogo vya koni, kimoja kwa kila kabureta. Ilipendeza sana. Kuelekea Pongwe ikaanza kusitasita nikizungusha mkono wa mafuta nusu, na nikiuachia inapiga mabomu kwenye ekzosi. Kabureta zile zilipimwa zikiwa na sanduku lile: hewa inaingia kwa utulivu, kiasi kile kile kwa silinda zote. Ukilitoa, hewa inazidi petroli, injini inachemka kupita kawaida. Unaweza kubadilisha jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta, ukakaribia hali ya mwanzo, lakini upepo wa ubavuni bado utakuchanganyia hesabu, na hapa upepo wa bahari hauombi ruhusa. Nikalirudisha sanduku. Kisha nikasawazisha kabureta kwa geji nne za mvuto wa hewa, zote zisome sawa. Kwa sikio peke yake utajidanganya. Injini ya silinda nne inaweza kuunguruma vizuri huku silinda moja inabebwa na wenzake.

Umeme nao. Dinamo yake hutoa kama wati 210 injini ikizunguka kwa kasi, lakini chini ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika haichaji kitu cha maana. Kwenye foleni, taa kubwa inakula betri tu. Taa ya LED ndiyo badiliko la kwanza ninalolipendekeza, ingawa halionekani kwenye picha.

Chumvi ya upepo wa bahari hapa Tanga sina haja ya kuieleza kwa mtu anayekaa Raskazone, pale ufukweni. Nitasema moja tu: tangi la petroli lisilale nusu. Ile nafasi tupu ndiyo inayopata kutu kwa ndani, kutu inashuka kwenye kabureta, na hizo ni nne za kufungua.

Kwa hiyo yangu nimeibadilisha nini? Usukani nimeushusha kidogo. Shokapu za nyuma ni mpya. Siti imeshonwa upya na fundi wa makochi, bora kuliko ya kiwandani. Fremu haijaguswa na msumeno, kwa hiyo siku nikibadili mawazo, kila kitu kinarudi mahali pake.

Spea nyingi lazima ziagizwe, ila plagi ni D8EA, ile ile ya bodaboda nyingi za Kichina. Mara ya mwisho nilipochukua nne kwa pamoja, muuzaji aliniangalia akasema, "Mjomba, kumbe una boda nne barabarani, na mkopo bado hujanilipa?"