Vitamini C haitibu sepsisi: nunueni antibiotiki kwanza

Mwezi huu nimeiona tena, hapa Lubumbashi. Mama amejifungua siku nne zilizopita, anahema haraka, mikono baridi, presha imeshuka: ni sepsisi, yaani maambukizi yaliyoufanya mwili uanze kuharibu viungo vyake wenyewe. Nampa mume wake ordonansi ya antibiotiki. Anarudi kutoka farmasi na ampuli kumi za vitamini C. "Dokta, wameniambia tuanze na hizi, zinasafisha damu." Antibiotiki hakununua, pesa zimeishia hapo.

Kati ya yote ninayoyasikia, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake. Seli nyeupe za damu zinapokutana na bakteria hutengeneza supaoksidi na radikali huru nyingine, yaani chembe kali zinazowaunguza kama moto, ili kuwaua. Katika sepsisi moto huo unavuka mipaka. Supaoksidi inaungana na oksidi ya nitriki kuwa peroksinitriti, nayo inaharibu mitokondria, yaani mitambo ya nishati ndani ya seli, hata figo au moyo unaweza kupata oksijeni na bado ukashindwa kuitumia. Huo ndio mkazo wa oksidesheni. Na ni kweli pia kwamba vitamini C, ambayo huzima radikali hizo, hushuka sana katika damu ya wagonjwa hawa.

Basi watu wanasema: kama imeshuka, imimineni kwenye serumu, yale maji ya dripu. Papa, ngoja kwanza. Radikali hizo hizo ndizo silaha ya mwili. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro katika kimeng'enya kinachozitengeneza, na tangu wakiwa wadogo wanaandamwa na maambukizi mazito ya bakteria na ya kuvu. Ukizima moto wote, bakteria wanabaki wakizaana.

Tena jambo hili limepimwa. Mwaka 2017 daktari Paul Marik wa Marekani alitoa matokeo ya wagonjwa 47 aliowapa vitamini C, haidrokotisoni (dawa ya kutuliza uvimbe) na thiamini (vitamini B1): walikufa asilimia 8.5, wakati katika 47 wa miezi iliyotangulia walikufa asilimia 40.4. Nilifurahi kama wengine. Lakini wagonjwa wale hawakugawanywa kwa kura, na kulinganisha wa jana na wa leo kunadanganya. Kura ilipopigwa, katika utafiti wa VITAMINS wa mwaka 2020 wenye wagonjwa 216 wa Australia, Nyuzilandi na Brazili, faida haikuonekana. Ukaja LOVIT mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 800. Waliokufa, au waliokuwa bado wanategemea mashine au dawa za kupandisha presha siku ya 28, walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopata vitamini C na asilimia 38.5 kwa waliopata dripu ya kulinganishia, isiyo na vitamini. Soma tena namba hizo: waliopewa vitamini ndio walioharibikiwa zaidi. Tena dozi kubwa inaweza kujaza figo fuwele za oksalati, na kufanya baadhi ya glukometa zionyeshe sukari ya juu isiyokuwepo.

Kinachookoa ni antibiotiki sahihi, ndani ya saa moja mgonjwa akiwa na shoku (presha imeanguka), na kuondoa chanzo: usaha, kondo lililobaki, utumbo uliotoboka kwa tifoidi. Kama mfukoni una pesa ya dawa moja tu, nunua antibiotiki. Machungwa mletee mama akishapona.

Kuna mengine matatu ninayoyasikia. "Serumu nyingi ndizo zinarudisha nguvu." Jirani zetu Zambia walilipima hilo kwa watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, matokeo yakatoka 2017. Waliopewa maji mengi na mapema kwa utaratibu maalumu walikufa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Wengi wao walikuwa na virusi vya UKIMWI, sawa, lakini hata kwetu wagonjwa wa namna hiyo wapo. Serumu ni dawa, ina kipimo chake. Msimgombeze muuguzi anayekataa kuongeza chupa ya tano.

"Wameona malaria kwenye damu, basi ni malaria tu." Huku kwetu watu wengi wanatembea na vimelea bila kuugua. Bakteria wanaweza kuwepo pamoja navyo.

"Hana homa, kwa hiyo si sepsisi." Mzee na mtoto mchanga wanaweza kupoa badala ya kuchemka. Mzee wako akianza kuchanganya maneno na kuhema mara 22 kwa dakika au zaidi, usingoje joto lipande wala kuche. Mlete usiku huo huo.