Klorokwini Ilituponyoka. Mseto Je?

Waliokua kabla ya mwaka 2000 wanaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na kwa ule muwasho. Unameza vidonge mchana, usiku unajikuna mpaka kunakucha. Lakini homa ilishuka, na vidonge viliuzwa hata kwenye kioski cha sukari na mafuta ya taa. Dawa hiyo ya malaria, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ilikuwa rahisi kuipata kuliko nyingine zote.

Kazi yangu ni kuchunguza vimelea vya malaria vinavyostahimili dawa, na watu huniuliza: mbona mnabadilisha dawa kila mara? Anayetulazimisha ni kimelea. Ndani ya mgonjwa mmoja kunaweza kuwa na mabilioni ya vimelea, na kila vinapogawanyika hutokea makosa madogo kwenye jeni. Mengi hayana athari. Machache sana humpa kimelea njia ya kuikwepa dawa. Kwa klorokwini, protini moja kwenye ukuta wa kifuko ambamo kimelea humeng'enya damu ilibadilika, ikaanza kuitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Usugu huo ulionekana kwanza Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukathibitishwa Kenya na Tanzania, na jeni zinaonyesha kwamba uliotufikia ulitoka Asia.

Kinachoniuma ni muda tulioutumia kabla ya kuiacha. Malawi iliacha mwaka 1993, Kenya 1998, sisi Tanzania 2001. Katika miaka hiyo mtoto alipewa klorokwini, homa ikatulia kidogo, vimelea vikabaki, damu ikaendelea kupungua. Senegal, ambako vifo vilihesabiwa kijiji kwa kijiji, vifo vya watoto kwa malaria viliongezeka mara kadhaa baada ya usugu kuingia. Dawa iliyofuata, SP (sulfadoksini na pirimethamini), haikudumu. Ilitukuta tayari na vimelea sugu, na watu waliiogopa kwa sababu ya madhara ya ngozi. Leo tunaitumia hasa kliniki kwa wajawazito, kama kinga.

Mwishoni mwa 2006 ikaja ALu, yenye dawa mbili ndani yake, ambayo kila mtu anaiita dawa ya mseto. Artemisinini iliyomo, kwa umbo la artemetha, asili yake ni mmea ambao wengi huuita pakanga. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliipata China katika mradi wa siri ulioanza 1967, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Artemisinini huua haraka kuliko dawa yoyote tuliyo nayo, lakini hukaa mwilini saa chache tu. Ndiyo maana imeunganishwa na lumefantrini, inayokaa siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyobaki. Mtu mzima anameza vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Siku ya pili unajisikia mzima kwa sababu artemisinini imeshaua vingi. Ukiacha hapo na kumwekea jirani vidonge vilivyobaki, lumefantrini inabaki kidogo mno kumaliza kazi, na jirani naye anapata nusu dozi. Chai ya pakanga nayo ina shida hiyohiyo: dozi ndogo isiyojulikana, na hakuna dawa ya pili ya kumalizia.

Sasa Kagera, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Katika sampuli zilizokusanywa mwaka 2021, karibu asilimia 8 ya vimelea vya mkoa huo vilikuwa na badiliko la jeni liitwalo R561H, lililokuwa limeshaonekana Rwanda. Uganda kaskazini kuna mabadiliko mengine ya jeni hiyohiyo. Kimelea cha namna hii, kikiwa bado kichanga, husinzia artemisinini inapopita, kisha huamka. Karagwe, wilaya ya Kagera, mwaka 2022, wagonjwa kadhaa walikutwa bado na vimelea siku ya tatu. Walipona, kwa sababu lumefantrini ilimalizia. Maana yake mzigo wote sasa umeiegemea dawa ya pili, na hilo linanitia wasiwasi kuliko jambo lolote katika kazi yangu.

Lipo pia la kutia moyo. Blantyre, Malawi, miaka kumi na miwili hivi baada ya klorokwini kuachwa, watafiti waliijaribu tena ikatibu asilimia 99 ya watoto. Kimelea sugu hulipa gharama kwa ule usugu wake. Dawa ikiondoka, kile kisicho sugu kinakizidi nguvu. Kwa hiyo kila dozi isiyo ya lazima inakipa kimelea sugu nafasi ya kutamba, nami nasisitiza: pima kwanza. Homa nyingi si malaria.

Kwa ndugu zangu wa Kagera na jirani zake: kunywa mseto pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, bila hivyo lumefantrini hainyonywi vizuri. Homa ikiendelea hadi siku ya tatu, rudi kituoni, na omba damu ichunguzwe kwa darubini. Kile kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinasoma protini iliyoachwa na vimelea vilivyokwisha kufa. Darubini inaonyesha vilivyopo sasa, na idadi yake ndiyo tunayoihitaji maabara.