Mazungumzo mabovu ni homa tu, ugonjwa uko kwenye episodi

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuhariri skripti za tamthilia, swali linakuwa lile lile, hivi kwanini sirizi za siku hizi zina picha kali, waigizaji wakali, hela imemwagwa ya kutosha alafu stori inaboa? Nikiwauliza imeboa wapi hasa, karibu wote wananionyesha mazungumzo, eti yule dada anaongea kama anasoma tangazo, eti hakuna baba anayemjibu mwanae vile. Maumivu yapo kweli, ila wanaposhika sio penye kidonda. Mazungumzo mabovu ni homa, ukiipa dawa ya kutuliza inashuka usiku, asubuhi imerudi. Ugonjwa wenyewe mimi naukuta kwenye episodi. Episodi nyingi za sasa hazina stori yake yenyewe, ni kipande tu cha kitu kirefu kilichokatwa pale dakika zilipoisha.

Ngoja nieleze maana hapa ndo penye uzito. Episodi iliyoandikwa vizuri ina swali lake dogo, linafunguliwa mapema, linabana, na linafungwa kabla majina hayajaanza kupita, hata kama swali kubwa la sizoni nzima bado liko wazi. Chukua The Sopranos, tamthilia ya Marekani, episodi ya 5 ya sizoni ya kwanza, mwaka 1999. Tony, bosi wa mafia, anampeleka binti yake kutembelea vyuo, huko huko safarini anamwona jamaa aliyewahi kuwachoma wenzake kwa serikali na sasa anaishi kwa jina lingine. Basi, ni hilo tu. Je atamuua huku mtoto yuko naye kwenye safari hiyo hiyo, tena mtoto ambaye ameshaanza kumuuliza baba yake kazi yake ni nini hasa? Ndani ya saa moja unajibiwa, na jibu linakuachia mzazi na muuaji ndani ya mwili mmoja, na huyo ndo utakaa naye mpaka tamthilia inaisha 2007. Mtu ambaye hajaona episodi nyingine hata moja anaweza kuiangalia hiyo peke yake akaelewa na roho ikamdunda.

Sasa kumbuka sirizi ya mwisho uliyomaliza, uniambie episodi ya 4 ilihusu nini. Usinisimulie sizoni ilivyoenda, nataka ya 4 peke yake. Wengi hapa mnakwama, na msijilaumu, maana hakuna kilichowekwa pale cha kukumbukwa.

Nina kipimo natumia kazini, ni cha kizamani na hakihitaji kusomea popote. Pembeni ya kila sini, yaani kila tukio la mahali pamoja, naandika mhusika kaingia na nini na katoka na nini. Kaingia na siri katoka hana, kaingia anaaminiwa katoka anashukiwa, kaingia akidhani mama yake ni mgonjwa katoka anajua mama alikuwa anadanganya. Sini ambayo mtu kaingia na huzuni katoka na huzuni ile ile, hapo hamna sini, hapo pana watu wamekaa. Kuna kampuni niliwahi kuifanyia kazi walinipa skripti za episodi 8, nikazipitia kwa kipimo hicho nikagundua episodi ya 3 na ya 4 ukizibadilishana nafasi hakuna mtazamaji atakayeshtuka, hata waandishi wenyewe nilipowaonyesha walikaa kimya. Walitaka niwarekebishie mazungumzo. Nitarekebisha nini pale? Watu wawili ambao hakuna anachotaka mmoja kwa mwenzake watasema nini zaidi ya kuelezana mambo ambayo wote wanayajua, "kama unavyojua, tangu baba afariki miaka mitatu iliyopita…" Ule mstari unaokukera haukuzaliwa na mwandishi asiyejua kuandika mistari, umezaliwa na sini ambayo haina kazi.

Na hapa lazima niiseme mbinu rejeshi, ile ya kuirudisha stori nyuma, maana imekuwa ugonjwa juu ya ugonjwa. Unajua ule mwanzo, steringi anakimbia porini ana damu mikononi, anageuka, skrini inakuwa nyeusi, alafu maandishi, "wiki tatu kabla". Mbinu rejeshi yenyewe ni nzuri sana ikitumika pale ambapo yaliyopita yanabadilisha maana ya yaliyopo. Ila hii ya siku hizi mara nyingi ni mkopo. Mwandishi anajua dakika 30 za kwanza hazina taharuki yoyote ya kwao, kwa hiyo anakopa taharuki kutoka mwishoni anakupa kidogo uonje ili usizime, na mkopo huo ukifika siku ya kulipwa, yaani tunaporudi kule porini, tayari unajua anakimbia na anageuka, kwa hiyo utamu umeliwa mapema. Nikikuta mwanzo wa hivi kwenye skripti naufuta kwanza ndo naanza kusoma, nione stori inasimama bila huo mkongojo au inaanguka.

Tumefikaje hapa? Sababu ni nyingi na sio zote ni za waandishi. Netflix walivyoachia sizoni nzima ya House of Cards siku moja mwaka 2013, episodi ikaanza kupoteza sababu ya kujitegemea, zamani ilibidi ikushibishe wiki nzima, sasa ilibidi tu isikuachie upumue mpaka inayofuata ijianzishe yenyewe. Waandishi wakaanza kujisifia kwamba wao wanatengeneza filamu ya masaa kumi. Filamu ya masaa kumi! Filamu inaandikwa kwa masaa mawili kwa sababu stori moja ina pumzi ya masaa mawili, ukiivuta mpaka kumi bila kuiwekea vituo inakuwa kama uji ulioongezwa maji. Alafu zikawa nyingi mno, Marekani peke yake ilifika tamthilia na vichekesho vya kuandikwa 599 kwa mwaka 2022, na watu wenye uzoefu wa kuongoza chumba cha waandishi, yaani lile kundi linalokaa pamoja kupanga stori, hawawezi kuongezeka kwa kasi hiyo.

Ila kilichoniuma zaidi ni vyumba vyenyewe kupunguzwa. Waandishi wachache, wiki chache, wanamaliza skripti zote kabla kamera haijawashwa na wanaachwa waende zao. Hili lilikuwa moja ya mambo makubwa kwenye mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023 uliodumu siku 148, na mkataba uliopatikana uliweka idadi ya chini ya waandishi kulingana na wingi wa episodi. Mtazamaji anaweza kuona ni ugomvi wa mishahara tu lakini unaingia moja kwa moja kwenye unachokiangalia. Breaking Bad ilivyoanza 2008, mpango wa Vince Gilligan aliyeitunga ulikuwa Jesse, yule kijana mshirika wa steringi, afe sizoni ya kwanza, ameshalisema mwenyewe mara nyingi. Wakamwona Aaron Paul anavyomcheza Jesse, wakaona kati yake na Bryan Cranston, steringi mwenyewe, kuna kitu ambacho kwenye karatasi hakikuwepo, wakabadilisha mawazo, na nusu ya kila kilichotuumiza kwenye ile tamthilia kikatoka kwenye uamuzi huo mmoja. Sasa mwandishi ambaye kazi yake imeisha miezi sita kabla ya kushuti atamwona Jesse wake saa ngapi?

Mtaniuliza Game of Thrones, kila mtu huniuliza. Ile sizoni ya mwisho ya 2019 watu wanasema Daenerys, yule malkia wa madragoni, kuchoma mji ni uandishi mbovu. Mimi tukio lenyewe sina shida nalo kabisa, dalili zilikuwepo tangu zamani. Shida ni kwamba sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi 10 kila moja, ya saba ikapewa 7 na ya nane 6. Kwenye sizoni za mwanzo mtu akisafiri, safari inakula episodi nzima nzima, na humo njiani ndo mnamjua, binti Arya na yule mpiganaji Hound walijengwa barabarani wakigombana. Baadaye watu wanaondoka kaskazini wanatokea kusini sini inayofuata. Kilichofutwa ni ngazi, mwanamke mwenye huruma yuko ghorofa ya chini, alafu ghafla yuko juu anachoma watu, na mtazamaji aliyempenda miaka minane anabaki anatafuta alipopandia. Uozo wa namna tofauti kidogo niliuona kwenye sizoni ya pili ya House of the Dragon, 2024, episodi 8, nyingi za kujiandaa na vita, na sizoni inaisha majeshi ndo yanatembea kuelekea huko.

Wakorea kwa taharuki ya mwisho wa episodi nawavulia kofia, sekunde thelathini za mwisho wanakubana mpaka saa nane usiku hujalala, ila zile za episodi 16 kwa macho yangu nyingi huishiwa kwenye ya 11 au ya 12 na ndo hapo wapenzi wanaachana kwa kosa ambalo simu moja ingelimaliza. Za Kituruki zina mzigo mwingine, episodi moja ya wiki inaweza kupita masaa mawili, kwa hiyo mnaangaliana macho, muziki, mnaangaliana tena. Wenzetu wale wanaandika kinachofanana na filamu moja kila wiki, siwezi kuwalaumu.

Na kuna hili la simu. Kuna mahali niliambiwa kabisa tuwafanye wahusika waseme wanachokifanya, "naenda kumfungulia mlango kaka", kwa sababu mtazamaji yuko kwenye simu na anasikiliza tu. Nilikataa na nikaondolewa kwenye ile kazi. Mtazamaji anachukua simu kwa sababu sini mbili zilizopita hazikubadilisha kitu na yeye amejifunza kwamba hakosi chochote.

Uandishi mzuri upo, tena sasa hivi. The Pitt ya 2025, episodi 15, kila moja ni saa moja ya zamu moja ya madaktari wa chumba cha dharura, kila saa ina wagonjwa wake wanaokuja na maswali yao wakaondoka nayo. Andor sizoni ya pili waligawa episodi 12 kwa vifungu vya tatu tatu, kila kifungu kimeruka mwaka mmoja mbele na kila kifungu kina mwanzo na mwisho wake. Alafu Adolescence, episodi 4 tu. Watu wanaisifia kwa kushutiwa bila kukata kamera hata mara moja, mimi nairudia episodi ya 3 kwa sababu ya skripti. Mwanasaikolojia na mtoto wa miaka 13 anayeshtakiwa kumuua msichana wa shuleni kwao, wako chumbani, kikombe cha chokoleti ya moto, nusu sandwichi, karibu saa nzima. Mwanamke anataka kujua kama mtoto anaelewa alichofanya. Mtoto anataka kujua kama mwanamke anampenda, hata kidogo. Kila sentensi inavuta kamba upande wake, mpaka sandwichi inakuwa silaha, na mazungumzo yanasikika ya kweli kabisa kwa sababu hakuna anayeongea ili sisi tujue, kila mmoja anaongea ili apate.

Mezani hapa nina skripti za sirizi ya episodi 8. Mwandishi ameniomba nianze na mazungumzo. Nimemrudishia bila kugusa mstari, nikamuuliza tu episodi ya 5 inauliza nini, na nimemwambia achukue wiki nzima kunijibu.