Kliniki ya kusahau sio Mirembe, na mengine tunayodanganyana

Naanza na mama yangu maana kwake ndo nimejifunzia haya yote. Mama kauza khanga na vitenge Kariakoo zaidi ya miaka 30, hesabu zote kichwani, kalkuleta hajawahi kuishika, mteja akisema nipe doti tatu na vitenge viwili mama anataja jumla kabla hujafungua pochi. Siku moja nipo nae dukani mteja katoa elfu hamsini, mama akamfungia doti yake vizuri halafu akamrudishia ileile hamsini juu ya mfuko. Mteja mwenyewe ndo akacheka, akasema mama leo umeamkaje. Na sisi nyumbani tukacheka. Tumecheka karibu mwaka mzima.

Sasa hivi nna mwaka wa tatu nampeleka kliniki ya kumbukumbu, wenyewe tuliozoea lile benchi la nje tunaiita kliniki ya kusahau, na kila nikirudi mtaani au nikifungua magrupu ya wasap nakuta maneno yaleyale kuhusu dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na akili taratibu. Nayapitia hapa, mengine kwa kirefu mengine juu juu.

"Ni uzee tu huo, hata bibi alikuwa hivyo"

Hili nimeambiwa mpaka na mtu wa koti jeupe, kituo sikitaji, hata usoni mama hakumwangalia, akaandika vitamini tukaondoka. Uzee unapunguza spidi jamani, ila mtu mwenyewe anabaki. Mzee akikuita jina la kaka yako halafu baadae akakumbuka ni kawaida, mimi mwenyewe wanangu nawaita wote kwa zamu mpaka nimfikie ninaemtaka. Lakini mtu aliyepika wali maisha yake yote akasimama jikoni hajui baada ya maji kuchemka kinafuata nini, au anauliza swali lilelile mara sita ndani ya robo saa na kwake kila mara ni jipya, au anapotea njia ya msikitini aliyopita toka ujana, huyo anaumwa. Mwaka 2010 walipita nyumba kwa nyumba vijiji vya Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro wakiwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, na kwa vigezo vya kidaktari vinavyoitwa DSM-IV wenye dimenshia walikuwa kama 6 katika kila 100. Sasa kama ni uzee tu hao 94 wengine wao hawajazeeka?

Halafu sio lazima uwe mzee sana. Yule mgonjwa wa kwanza kabisa aliyeandikwa na Dk. Alois Alzheimer, Mjerumani ambae aina moja ya dimenshia imebeba jina lake, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51.

"Karogwa" au "ana mapepo"

Hapa siwezi kuongea sana nikabaki mtulivu. Kuna aina ya dimenshia ambayo mgonjwa anaona watu au watoto wadogo wamekaa chumbani na anawaelezea mpaka nguo walizovaa, na ipo nyingine inabadilisha tabia kwanza kabla ya kumbukumbu, mtu mstaarabu anaanza kutukana mbele ya wakwe. Ni ubongo unaharibika sehemu tofauti tofauti, basi. Na tunajua vizuri kule Shinyanga na Mwanza vikongwe wangapi wameuawa kwa kuitwa wachawi sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, sasa bibi mwenye macho hayo akianza na kutembea usiku na kuongea peke yake unadhani majirani watasemaje. Kuomba ombeni, hata sisi tumeomba, ila mama tumempeleka hospitali wiki hiyohiyo.

"Ukimpeleka huko ndo umemfanya kichaa"

Shangazi yangu ndo alikuja juu, eti mnataka kumpeleka dada yangu Mirembe. Shangazi, shikamoo, kwanza hata Mirembe yenyewe, ile ya magonjwa ya akili Dodoma, ni hospitali kama hospitali zingine. Pili hii ni kliniki ya nje, unaenda asubuhi na kadi yako unarudi nyumbani kula mchana. Hakuna anaelazwa. Wa kwanza kutuona alikuwa nesi, kapima presha, sukari, uzito, kamsalimia mama shikamoo kwa heshima zote, ndo tukaingia kwa dokta. Siku ya kwanza inachukua muda mrefu kwahiyo mtu ale kwanza, na mbebee maji.

"Wanapiga picha ya kichwa wanaona ugonjwa"

Watu wanakuja na CT skani mkononi wamekopa hela kuilipia, wanadhani dokta ataitazama dirishani aseme ndiyo au hapana. CT inasaidia kuona kama kuna damu imeganda, uvimbe, kiharusi cha zamani au maji yaliyojaa kichwani, na hayo ni muhimu sana maana mengine yanatibika, mzee anaweza kudondoka bafuni wiki kadhaa nyuma mkasahau kabisa kumbe damu inavuja taratibu, akitolewa ile damu akili inarudi. Lakini Alzheimer yenyewe haijulikani kwa picha hiyo peke yake. Kipimo kikubwa ni maelezo yako wewe unaeishi nae. Lini ilianza, ilianza na nini, inakuja taratibu au ilidondoka ghafla kama ngazi, bado anaweza kuoga, kupika, kushika hela? Ndo maana usimpe bodaboda ampeleke wala usimtume mjukuu aliyekuja likizo juzi. Mwenyewe mgonjwa atakwambia niko sawa, na atasema kwa kujiamini kabisa.

Damu nayo wanachukua, wanaangalia tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, figo, chumvi za mwili, VVU, kaswende. Vyote hivyo vinaweza kuleta usahaulifu.

"Mama hakusoma, atafeli mtihani wao"

Hili nililiogopa mwenyewe. Nilishaona mtandaoni vile vipimo vya kuchora saa na kuandika sentensi, nikasema mama darasa la pili huyu watamwita mgonjwa bure. Na ni kweli vipimo vingi vilitengenezwa kwa watu wa shule. Ila kuna kimoja, kinaitwa IDEA, kimetengenezwa hapahapa nchini, kulekule Hai, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma, hamna kuandika. Unaulizwa mwenyekiti wa kijiji ni nani, leo siku gani, daraja ni nini, utaje wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, unakumbuka maneno uliyosomewa, na kuna njiti za kiberiti. Dokta anapanga njiti umbo fulani nawe unapanga lako lifanane nalo.

Mama kwenye wanyama alitaja mbuzi, ng'ombe, kuku, mbuzi, mbuzi. Kwenye njiti alizishika akaziangalia, akazipanga kwa mstari mmoja zote zimelala upande mmoja kama zilivyo kwenye boksi, dokta akamwambia mama angalia yangu, mama akamwangalia akasema "mwanangu hapa hakuna jiko, unataka niwashe nini?" Dokta akacheka, mimi nikaangalia dirishani.

"Haina dawa, sasa kliniki ya nini?"

Hili ndo linaloua kliniki. Watu wanakuja mara moja, wanaambiwa Alzheimer haiponi, hawarudi tena. Ngoja niwaambie siku ya kwanza kilifanyika nini.

Dokta alisema leteni dawa zote, sio karatasi, dawa zenyewe. Nikamwaga mfuko wa rambo mezani. Zilikuwa kumi na moja. Akaanza kuzitenga kwa kidole, za presha huku, metformini ya sukari huku, akafika kwenye amitriptilini ambayo mama alipewa miguu ikiwaka moto usiku, na Piriton anayonunua duka la dawa kila akiwashwa, hizo mbili akazisogeza pembeni kabisa. Kumbe zote mbili zinazuia kemikali inaitwa asetilikolini ambayo ubongo unaitumia kukumbuka, na dawa anayotaka kumwanzishia mama, donepezili, kazi yake ni kuilinda kemikali hiyohiyo isiishe, kwahiyo ukimpa zote ni sawa na dereva anaekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Na metformini ukiitumia miaka mingi inashusha B12, yake ilikuwa chini kweli, akaanza kuchomwa sindano. Akachungulia masikio, nta imejaa pande zote. Yaani nusu ya "amesahau nilichomwambia" mama alikuwa hajasikia toka mwanzo!

Baada ya miezi miwili mama hajapona. Ila alikuwa anakaa sebuleni anafuata taarifa ya habari na kubishana nayo, jambo ambalo tulishalisahau. Donepezili yenyewe inaanza miligramu 5, baada ya wiki kadhaa inapandishwa 10 kama tumbo limeivumilia, inaweza kushusha mapigo ya moyo ndo maana wanapima kwanza, na haizuii ugonjwa, inampa mtu nafuu kwa muda. Wengine haiwasaidii kabisa, na dokta mkweli atakwambia.

Kuna na vikundi pia, wazee kadhaa wanakaa pamoja mara mbili kwa wiki, vikao 14, wanaimba, wanashika vitu vya zamani, wanajadili bei za zamani na za sasa. Unaweza kuona mchezo lakini kule Hai wamejaribu na uwezo wa akili wa wazee ulipanda. Na kamati ya wataalamu ya jarida la kidaktari la Lancet ilisema 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia zingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yamo presha, sukari, sigara, masikio, macho, upweke. Angalia ni mangapi kati ya hayo yanashughulikiwa kwenye kliniki ya kawaida ya wilaya.

"Kuna sindano mpya Marekani inafuta kabisa"

Haifuti. Inaitwa lecanemab, imeidhinishwa kule 2023, ilianza kama dripu ya kila wiki mbili, kwa Alzheimer ya mwanzoni tu, na kwenye utafiti wake ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu kwahiyo unapigwa picha ya ubongo ya MRI mara kwa mara, na bei ilianza dola 26,500 kwa mwaka. Anaekuuzia chupa yake kwa elfu themanini wasap ni tapeli.

"Akisumbua usiku mpe ya usingizi"

Msifanye hivi. Haloperidoli na wenzake, dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kwa mzee mwenye dimenshia zinaongeza hatari ya kufa, Marekani waliweka onyo hilo kwenye boksi 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo, na 2008 kwa za zamani kama haloperidoli, na kwa ile aina ya kuona watu chumbani zinaweza kumkakamaza vibaya sana. Valiamu inamuangusha avunje nyonga. Kuna wakati dokta analazimika kutoa kidogo kwa muda mfupi, lakini ni yeye, sio wewe na muuza duka. Na akibadilika GHAFLA, jana alikuwa anakujua leo anapiga kelele au kalala hasemi, usisubiri tarehe ya kliniki, mkimbize dharura, mara nyingi ni UTI, nimonia, malaria au sukari imeshuka.

"Mnyang'anye simu na hela, atatapeliwa"

Nusu kweli. Mama alikuwa anamtajia kila mtu namba ya siri ya M-Pesa. Tulivyosema kliniki, dada wa ustawi wa jamii akatushauri hela kubwa zihame mapema, mama mwenyewe bado anaelewa na anakubali, mbele ya ndugu wote ili baadae pasiwe na kesi, lakini mtu aliyeshika hela maisha yake yote msimwache mikono mitupu. Tukampa noti za elfu moja moja, anazifunga kwenye pindo la khanga. Kila asubuhi anatoka getini anamlipa dada wa maandazi. Siku nyingine analipa mara mbili, mara tatu, na bei anapunguziwa maana lazima abishane kwanza. Ijumaa jioni dada wa maandazi anakuja kugonga mlango wa nyuma ananirudishia zilizozidi.