Ugonjwa wa Crohn si hukumu ya ukoo

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unadai kwamba mzazi akiwa na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, lazima watoto wake waupate. Si kweli. Jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, huongeza uwezekano tu. Wanasayansi wanajua zaidi ya sehemu 200 za jeni zinazohusika, lakini hata kwa mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Mazingira yana mchango, hasa moshi wa sigara. Watu huchanganyikiwa na kudhani ni urithi tu, kwa sababu familia hushiriki pia chakula na hewa. Ukiwa na wasiwasi, muulize daktari; vipimo vya ugonjwa huu ni vya kinyesi, damu na kamera ya utumbo. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo: unawatia wazazi hofu bure.